Lilikuwa na Nini?

Mzee aliinua kata, akapiga funda moja, akalishikilia mdomoni. Hakumeza. Aligeukia upande wa migomba akatema, kisha akaiweka kata chini taratibu, kama anayerudisha kitu kisicho chake. Hakusema neno. Wazee wenzake wanne walitazamana, na yule wa mwisho kwenye benchi, ambaye tangu tufike alikuwa hajabandua macho kwenye madumu yetu, akaurudisha mkono mfukoni.

Tulikuwa tumepeleka mbege ya posa. Mdogo wangu alikuwa anaoa, na kwetu Uchagani huwezi kufungua mdomo mbele ya wazee wa binti kabla mbege haijatangulia. Mbege ikikataliwa, maneno mliyoyapanga wiki nzima hayana pa kupita. Mshenga wetu alikohoa, akaomba radhi, tukapakia madumu kwenye gari tukarudi tulikotoka. Njiani hakuna aliyezungumza. Gari lilijaa harufu: ya ndizi, ya ulezi, na chini yake kabisa harufu nyingine, kali halafu tamutamu, kama dawa ya kusafishia choo.

Pipa ilimochachukia mbege ile lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyelinunua, mimi ndiye niliyelitetea, na maneno niliyolitetea kwayo ndiyo ninayotaka kuyapiga vita hapa. Nilisema: "Shangazi, chombo ni chombo tu."

Tangu siku ile nimeyasikia maneno hayo kwa watu wengi, hasa wanaoanza kupika pombe nyumbani. Mpishi wa mbege atakueleza ndizi ipi inafaa, ndizi ng'ombe au kitarasa, na iive kiasi gani. Vijana wa mjini wanaopika bia ya shayiri kwa ajili ya kunywa na marafiki watabishana hadi usiku wa manane kuhusu hopi, hamira na nyuzijoto. Waulize wanachachushia kwenye nini, watakuonyesha kwa kidole: kile pale. Chombo kilichaguliwa na bei, au kilikuwepo stoo, au kiliachwa na mpangaji aliyehama.

Mimi nasema chombo ni kiungo cha pombe kama ndizi zilivyo kiungo. Tena ndizi unazipika, unazikamua, unatupa machicha. Chombo kinakaa na pombe usiku na mchana, na kinakaa nayo wakati ule ule ambapo pombe ina nguvu ya kunyonya: uchachu unapanda, kileo kinapanda, na vuguvugu la kuchacha linapanda pamoja navyo. Ukitaka kujua chombo kimeficha nini, huhitaji maabara. Tia pombe ndani yake usubiri siku mbili.

Nyumbani kulikuwa na pipa la mbao la babu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alilipikia miaka mingi. Kisha magoti yakamzidi, akaacha kwa miaka mitatu, na pipa la mbao lisilolowa hufa. Mbao hukauka, hunywea, na kila mahali zinapokutana panafunguka mwanya. Tulipolijaza maji lilivuja pande zote kama kikapu. Shangazi hakushtuka. Alisema tuendelee kulijaza asubuhi na jioni, siku nne au tano mbao zitavimba na kuziba zenyewe. Mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na likizo ya siku kumi, Desemba, barabara zimejaa, na orodha ya mambo ya kufanya ina kurasa mbili. Sikuwa na siku tano za kungojea mbao zivimbe.

Nikashuka mjini. Mapipa ya bluu yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, marefu kama kifua cha mtu, yanang'aa. Niliuliza bei: elfu hamsini. Niliuliza pia lilikuwa na nini, maana si kwamba sikujua kuuliza. "Sabuni," muuzaji alisema, bila kuinua macho kwenye simu. Ubavuni mwa pipa palikuwa na umbo la mstatili ambapo karatasi ilibanduliwa, na gundi yake bado ilinata nilipopitisha kidole. Niliiona ile gundi. Nalipa shilingi zangu elfu hamsini kila ninapoikumbuka.

Shangazi alilizunguka pipa mara moja, akaingiza kichwa ndani, akakaa humo kitambo.

"Lilikuwa na nini?"

"Sabuni, shangazi."

"Sabuni gani?"

Nilicheka. Binamu yangu akaligeuza, akatuonyesha chini yake pembetatu ndogo yenye namba 2 katikati, akasema hiyo ndiyo plastiki inayoruhusiwa kwa chakula, amesoma mahali. Hapo ndipo niliposema kwamba chombo ni chombo tu. Tukaliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tukalisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu, tukaliacha wazi juani siku mbili. Harufu iliisha. Naapa iliisha, niliingiza kichwa mwenyewe, kama shangazi, na nilisikia harufu ya jua tu.

Ndizi zilichemshwa tangu asubuhi hadi zikawa nyekundu ya kahawia, zikaachwa siku kadhaa zichache kwenye masufuria makubwa ya kuazima hadi zikawa nyalu. Ulezi ulikuwa umeloweshwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa, ukapikwa uji, yaani mso, na magome ya msesewe yakatiwa kwa ajili ya uchungu. Kila kitu kilifanywa na shangazi au mbele ya macho yake akiwa kwenye kiti chake cha plastiki. Nyalu ilichujwa, ikachanganywa na mso, vyote vikamiminwa kwenye pipa langu la bluu. Kesho yake jioni povu lilikuwa limejaa juu na likisema peke yake, kama linavyopaswa. Shangazi alionja. Akaonja tena.

"Kuna kitu," alisema.

Nilimwambia ni plastiki, haijazoea.

Usiku ule alitapika hadi alfajiri. Asubuhi, akiwa amejifunga khanga tumboni, alisema labda ni maharage. Sikumpeleka hospitali. Nilikuwa na posa saa nne.

Sasa niseme ambacho ningepaswa kukijua kabla. Ile pembetatu yenye namba haisemi pipa limebeba nini. Inasema limetengenezwa kwa plastiki ya aina gani, basi. Namba 2 ni polithini ngumu, na ni kweli kwamba plastiki hiyo, pamoja na namba 5, hutengenezewa ndoo na madumu ya chakula. Lakini plastiki hiyo hiyo ya namba 2 hutengenezewa pia mapipa ya dawa za kuua wadudu, ya asidi, ya dawa za kusafishia vyoo. Binamu alisoma jina la mtu akadhani amesoma tabia yake. Alama inayohusu chakula ni ile ya glasi na uma, na hata hiyo inakuambia chombo kilizaliwa safi. Kilikopita baada ya kuzaliwa haikijui.

Na kuosha? Kuosha kunatoa kilicho juu. Plastiki si kioo. Baadhi ya kemikali, hasa zenye mafuta na zenye harufu, huingia ndani ya unene wake na kukaa humo. Maji na sabuni hayazifuati huko. Jua la siku mbili linakausha ngozi ya ndani ya pipa, pua yako inasema pamekwisha, kisha unamimina kitu chenye asidi na kileo, vuguvugu, kinachokaa humo mchana na usiku, na pipa linaanza kutoa taratibu lilichokimeza taratibu. Ndiyo maana harufu ilirudi. Haikuwa imeondoka.

Kwa vyombo vya dawa za kilimo jambo hili halina hata mjadala. Mwongozo wa FAO na WHO unasema chombo kisuuzwe mara tatu kisha kitobolewe, kisifae tena kubebea kitu, na kisitumike kamwe kwa chakula wala maji. Kitobolewe! Hawakusema kioshwe sana. Watu wa Kilimanjaro tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa, maana tumekulia kwenye kahawa. Kila nyumba yenye mibuni ilikuwa na ndoo ya mrututu, ile dawa ya shaba ya kupulizia ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, na kila mtoto alijua kwamba ndoo ile haichotewi maji hata kama nyumba inaungua. Bibi aliifunga kamba nyekundu. Hakujua kusoma, lakini alijua chombo kina kumbukumbu.

Anayedhani ninavuruga jambo dogo aangalie kusini. Mwaka 1929 daktari aitwaye Strachan aliandika kuhusu Waafrika wa kusini mwa bara hili ambao maini yao yalikutwa yamejaa madini ya chuma kupita kiasi. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulielekeza kidole kwenye pombe ya nyumbani, na ndani ya pombe, kwenye chombo. Pombe ya nafaka ilikuwa ikipikwa na kuchachushwa kwenye vyungu vya chuma na mapipa ya chuma. Uchachu wake ulikuwa ukiyeyusha chuma, na mnywaji wa kila siku alikuwa akinywa pipa kidogo kidogo, miaka ishirini, thelathini, hadi ini likakakamaa. Baadaye, katika miaka ya 1990, watafiti walipendekeza kwamba huenda kuna pia urithi wa damu unaowafanya baadhi ya watu wahifadhi chuma zaidi ya wengine. Sawa. Lakini chuma chenyewe kilitoka kwenye pipa. Na pombe ile haikuwa chafu, haikuwa na sumu ya kuongezwa, wala mpishi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na pipa tu.

Kwa hiyo pipa la chuma la mafuta, hata likichomwa moto ndani kama wafanyavyo wengi, kwangu halifai. Ndoo ya bati lililopakwa zinki nayo haifai. Uchachu unaila ile zinki, na zinki nyingi tumboni huleta matapishi. Sufuria ya alumini ichemshie, isilalie pombe. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa ni chombo kizuri, kinapoza pombe chenyewe kwa sababu kinatoa jasho. Ila vile vyungu vya kupendeza vyenye ngozi ya kioo, ambavyo hujui rangi yake imechanganywa na nini, viache na maua. Baadhi ya rangi hizo zina risasi.

Nikifika kwenye mbao najua nitawaudhi wengine. Tangu utotoni nimesikia, mimbarini na kwenye mikutano ya kijiji, kwamba pombe za kienyeji ni uchafu, na ushahidi wa uchafu huo ukawa ni pipa la mbao: jeusi ndani, halijawahi kuoshwa kwa sabuni, lina harufu ya juzi. Bwana afya alilipita pipa la babu akakunja uso. Nataka kumtetea babu hapa. Mbao zile zilikuwa na hamira ndani yake. Mpishi hakulisugua kwa sabuni kwa sababu hiyo hiyo. Alilisuuza kwa maji moto, akaliacha, na mbege iliyofuata ikachacha haraka kwa kuwa ilimkuta mwenyeji ndani. Huko Ubelgiji, kando ya Brussels, kuna bia iitwayo lambic ambayo hulala kwenye mapipa ya zamani ya mbao mwaka mmoja hadi mitatu, ikichachushwa na vijidudu vya hewani na vya humo humo mbaoni. Watu hupanda ndege kwenda kuinywa. Magharibi mwa Norwe wakulima walihifadhi hamira yao ya ukoo, kveik, kwa kuichovyea pete za mbao na kuzikausha, na leo hamira hiyo inauzwa kwa pakiti duniani kote. Mbelgiji akiwa na pipa jeusi ni urithi. Shangazi yangu akiwa nalo ni kipindupindu. Hapana. Ninakataa.

Lakini sitasema kila mtu akatafute pipa la mbao, maana hapo nitakuwa nadanganya kwa utamu. Pipa la mbao ni kama ng'ombe wa maziwa: lazima uwepo. Linataka pombe wiki baada ya wiki, au angalau maji. Ukipika mara moja kwa mwaka, mbao zinakauka, na zikikauka hukaribisha ukungu na wadudu wa siki, na hapo bwana afya anakuwa na haki ya kukunja uso. Anayeishi chumba kimoja Sinza na kupika lita 20 kila sikukuu hana kazi na pipa la mbao. Analitaka kwa ajili ya picha.

Na picha inanileta kwa shemeji yangu. Aliishi Minnesota, akarudi na tangi la chuma cha pua, zuri kuliko kitu chochote jikoni kwake, chini limechongoka kama pia, lina koki, lina vifungo, na juu lina kizibo cha kupumulia chenye maji, kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Kwa bia yake ya shayiri ni chombo cha haki. Chuma cha pua hakila wala hakiliwi, na bia ile inakaa wiki moja au mbili ikingoja, kwa hiyo inastahili kufungiwa hewa isije ikageuka siki. Simwonei wivu (namwonea kidogo). Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba chombo cha bei kubwa ni bora kwa kila pombe. Alitia mbege ndani, mso wake na machicha yake yote, akakaza vifungo, akaenda kulala. Mbege si kinywaji cha kungoja. Inanyweka ikiwa bado inachacha, leo au kesho, nzito kama uji mwepesi. Ule ulezi ulipanda na povu, ukaziba kitundu cha kizibo, gesi ikakosa njia. Saa tisa usiku kizibo kiliruka hadi dari. Doa bado lipo, mkewe amekataa lipakwe rangi. Kisha ilibidi afungue tangi kulisafisha, na mkono wake haukufika chini kulikochongoka. Alitumia mswaki wa mtoto uliofungwa kwenye fimbo.

Ndoo zangu za sasa ni mbili, nyeupe, za lita 30, mpya, zenye alama ya glasi na uma, na nilizinunua zikiwa bado na karatasi zake. Mbili badala ya moja kubwa, kwa sababu moja ikiharibika nyingine inaokoa shughuli, na kwa sababu naweza kuinyanyua peke yangu. Mdomo ni mpana, mkono wangu unafika kila kona. Mfuniko nauweka bila kuubana. Nasafisha kwa kitambaa laini, si kwa waya wa sufuria, maana kila mchubuko ni nyumba ya vijidudu ambayo maji ya moto hayaifikii, na ndoo ikichubuka sana inastaafu, inakuwa ya nguo. Zimefungwa kamba nyekundu, kwa maana kinyume na ya bibi: haziazimwi. Hapa ndipo nimegombana na majirani wote wawili. Jirani anayeazima ndoo ya mbege kwenda kuchanganyia rangi ya ukuta hakurudishii ndoo. Anakurudishia kitu chenye umbo la ndoo.

Najua jibu ninaloandaliwa. Mama anayepika lita 200 kila wiki ili alipe ada za watoto hawezi kununua ndoo nyeupe saba zenye karatasi. Pipa la bluu ndilo linaloingia kwenye faida yake, na mimi mwenye mshahara ninamhubiria. Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote. Ila iangalie vizuri inamlaumu nani. Yapo mapipa makuukuu yaliyobeba vitu vya kuliwa: mafuta ya kupikia, sharubati nzito, sukari ya maji ya viwandani. Pipa kama hilo, likioshwa vizuri, mama yule angelitumia bila hofu. Hawezi kulichagua kwa sababu limesimama mstari mmoja na lililobeba dawa ya choo, yote bluu, yote yamebanduliwa karatasi, yote "sabuni." Hakukosea kuchagua. Uchaguzi ulibanduliwa kabla hajafika.

Hivyo ugomvi wangu si naye. Ni na kiwanda kinachouza mapipa yake matupu kwa yeyote mwenye lori badala ya kuyapasua, ni na dalali anayeyakusanya, na ni na kile kidole kinachobandua karatasi. Kubandua karatasi si usafi. Ni kumtia mtu sumu kwa kumfichia taarifa, na yule anayefanya hivyo anajua, ndiyo maana anabandua. Angekuwa anauza pipa la mafuta ya alizeti, karatasi ndiyo ingekuwa tangazo lake.

Na mambo yakiharibika, anayekamatwa ni mama. Mei 2014 nchini Kenya zaidi ya watu 80 walikufa katika kaunti kadhaa, wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Mara moja ikaanza ile hotuba ya kawaida: pombe za kienyeji, tumesema, hatusikilizwi. Methanoli ya kiwango kile haitoki kwenye mtama wala ndizi iliyochachuka chunguni. Ni kemikali ya viwandani, haina rangi, inafanana na kileo cha kawaida kama maji yanavyofanana na maji, na inasafiri ndani ya mapipa. Mpishi wa busaa na mpishi wa mbege wakawekwa kapu moja na wafanyabiashara waliochanganya sumu kwa ndoo. Tungekuwa taifa linalouliza lilikuwa na nini, pipa lile lingeulizwa kwanza, kabla ya chungu cha bibi.

Ile mbege yetu tuliimwaga. Nilitaka kuimwaga kwenye migomba, shangazi akakataa: migomba inaliwa, na majani yake yanaliwa na ng'ombe. Kwenye zizi je? Akaniangalia. Tulichimba shimo mbali, ng'ambo ya njia, na tukawafungia kuku kwa siku nzima. Pipa alikataa hata liwe la maji ya ng'ombe. Nililipasua kwa shoka mbele yake, na plastiki ilipopasuka tulisikia tena ile harufu, kutoka katikati ya unene wake, safi kabisa, kama siku ya kwanza. Shangazi hakusema "nilikuambia." Alisema nikaanze kujaza maji pipa la babu.

Liliziba siku ya nne. Wiki mbili baadaye, likizo yangu ikiwa imekwisha na bosi akiwa amenuna, tulirudi kwa wakwe. Mzee yule yule aliinua kata ile ile. Safari hii alimeza, akafuta mdomo, akampa wa pili yake, na mshenga wetu akaanza kusema.

Shangazi ni mzima. Sijui alikunywa nini usiku ule, na hilo ndilo ninaloamka nalo mara nyingine saa tisa. Kama muuzaji angeniuzia pipa lenye karatasi iliyoandikwa jina la sumu, ningekuwa na jina la kumtajia daktari. Nilikuwa na gundi.

Mwezi uliopita nilipita tena kando ya ile barabara. Mapipa yapo, bluu, yanang'aa. Muuzaji ni mwingine, kijana, mchangamfu, akaniita mangi. Nikamuuliza la mbele lilikuwa na nini.

"Mafuta ya kula."

"Mafuta gani? Karatasi yake iko wapi?"

Aliniangalia juu mpaka chini. "Kaka, wewe unataka pipa au unataka historia?"

Nikamwambia nataka vyote viwili. Alicheka, akaniacha nimesimama, akamfuata mama mmoja aliyekuwa akiligonga lile la pembeni kwa kifundo cha kidole, kusikiliza kama lina ufa. Miguuni pake palikuwa na kiroba cha ulezi. Alikuwa anauliza bei.